Harufu Aliyorudi Nayo Nyumbani

Watu walimwita Jerani, na jina hilo hakupewa na mzazi. Alipewa na ngazi. Jengo walilokaa lilikuwa na ngazi nyembamba isiyo na dirisha, na kila jioni mwanamke huyu aliporudi kutoka kazini, harufu ya mafuta ya jeraniamu ilimtangulia, ikapita milango ya chini, ikapita ya kati, ikafika juu kabla yake. "Jerani huyo kaja," majirani walisema bila hata kuchungulia. Mzee wa chini, mstaafu mwenye maneno mengi kuliko kazi, alidai kwamba mbu wote wa jengo walishahama kwa sababu yake, na siku akiondoka wapangaji wote watakimbilia dukani kununua vyandarua.

"Mnanisingizia," Jerani alisema, akinusa mkono wa gauni lake mbele yao. "Mimi sinuki kitu."

Wala hakuwa akitania. Pua ya mtu anayeshinda na mafuta huzoea, ikanyamaza. Akifungua chupa na kuisogeza usoni aliisikia vizuri, lakini ile iliyomganda kwenye nywele, kwenye kola na kwenye mikunjo ya vidole, hiyo kwake haikuwepo kabisa. Majirani waliisikia, yeye hakuisikia, na kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa la kuchekesha tu.

Kazi yake ilikuwa kukanda watu. Nyuma ya saluni ya nywele palikuwa na chumba kidogo chenye pazia zito, kitanda chembamba chenye tundu la kuwekea uso, rafu ya chupa za kahawia, na kijungu cha udongo kilichowekwa mshumaa chini ili maji na matone ya mafuta yafuke polepole juu. Mwenye saluni alikuwa mwanamke mnene wa sauti nyembamba aliyeitwa Bosi na kila mtu, mumewe akiwemo. Jerani alianza pale kama mfua taulo. Alikuwa na umri wa kwenda shule, lakini mama yao alikuwa amekufa na nyumbani kulikuwa na mdogo wake aliyehitaji kula, kwa hiyo akafua. Bosi aliona mikono yake inavyokamua taulo, akasema, "Wewe mikono hiyo inapotea bure," akamwingiza nyuma ya pazia.

Huko alifundishwa kwamba lavenda ni ya wasiolala, na mnanaa ni wa vichwa vinavyogonga. Jeraniamu ni ya watu waliojaa. Bosi alikuwa na neno hilo, "waliojaa": wafiwa, wenye hasira isiyo na pa kwenda, wanawake ambao umri umewageukia na joto linawapanda shingoni bila taarifa. Mmea wenyewe ni wa kawaida tu, ungeuona kwenye kopo barazani ukaupita. Lakini ukifikicha jani lake unapata harufu kama ya waridi, yenye ubichi kidogo na ukali kidogo. Marobota ya majani yanachemshwa kwa mvuke yatoe kichupa kinachoingia kwenye kiganja, na ndiyo maana mafuta yale hayapakwi yakiwa makali. Ni matone machache kwenye mafuta ya lozi, basi. Kama yanatibu au ni imani ya watu, wenye elimu yao wabishane. Alichojua Jerani ni kwamba watu waliingia pale mabega yakiwa masikioni, wakatoka mabega yakiwa mahali pake, na wengine walilia wakiwa wamelala kifudifudi, wakashukuru, wakarudi tena.

Lakini kulikuwa na sheria moja, na Bosi aliishikilia kuliko dini. Kabla ya kumgusa mteja, unaiomba ruhusa pua yake. Unadondosha tone moja kwenye kipande cha karatasi, unampelekea asikie, unasubiri. "Na usimtazame mdomo," Bosi alisema. "Mdomo una adabu, utakwambia nzuri hata kama anataka kutapika. Tazama paji la uso. Tazama tundu za pua. Zikijibana, funga chupa, chukua nyingine, wala usiulize kwa nini." Jerani alikuwa hodari wa jambo hili. Alisoma mapaji ya watu kama wengine wasomavyo vibao vya barabarani. Kila mteja aliyelala mbele yake aliulizwa.

Mdogo wake hakuulizwa. Nani anamuuliza mdogo wake?

Alimlea, huyo. Alimbeba mgongoni huku anafua taulo, akamsomesha, akamwoza kwa fundi wa umeme, kijana mpole mwenye mikono iliyojaa makovu madogo ya nyaya. Walikaa wote kwenye vyumba vile vya juu, kwa sababu mdogo mtu alikataa katakata kwenda mbali na dada yake, na fundi hakuwa mtu wa kubishana. Alipopata mimba, Jerani ndiye aliyejivuna kuliko wote. Alianza kutembea kama vile tumbo ni lake.

Uchungu ulipoanza, hospitali iliruhusu ndugu mmoja, akaingia yeye. Alikuwa na kichupa mfukoni na chupa ya mafuta ya lozi, na kwa muda wote wa uchungu ule mrefu alimkanda mgongo wa chini kwa viganja viwili, akichanganya tena kila mafuta yalipokauka. Mkunga alipita akacheka. "Leo chumba chetu kinanukia bustani," akasema. Mdogo wake naye alicheka, jasho likimtiririka, akasema, "Usiache hapo dada, hapo hapo."

Mtoto alikuwa wa kike, mzima wa viungo, mwenye nywele nyingi, na hakulia. Walimhangaikia sana pale mezani. Halafu mikono yao ikapungua kasi, halafu ikasimama. Mkunga alimfunga kitambaa akampa Jerani amshike kwanza, kwa kuwa mama mtu alikuwa bado anashughulikiwa. Jerani alimpangusa utosi kwa kiganja chake, akamweka kifuani kwa mdogo wake. Mdogo wake aliinamisha uso akamnusa mtoto kichwani, akakaa hivyo, pua yake ikiwa kwenye zile nywele, mpaka walipokuja kumchukua.

Tangu siku hiyo mambo yakawa mabaya, na yalizidi kuwa mabaya. Mdogo mtu aliletwa nyumbani, akalala akaelekea ukutani, akabaki huko. Hakulia. Angelia wangejua la kufanya. Aliitikia kwa kichwa, halafu akaacha hata kuitikia. Maziwa yalimjaa bure, yakamuuma, yakakauka. Muuguzi wa zahanati alikuja, mwanamke mwenye haraka lakini mwenye huruma, akakaa kitandani akamwongelesha kwa sauti ya chini, akaacha dawa, akawaita wengine kando.

"Huu si uvivu wala si kujidekeza," alisema. "Ni ugonjwa, na unaua. Dawa zinataka muda na zinataka chakula tumboni. Mhakikishe anakula. Nikirudi nikimkuta amepungua zaidi ya hapa, nakwenda naye wodini, na wodi yenyewe mnaijua ilivyo."

Waliijua. Ilikuwa imepakana na ile aliyozalia.

Basi Jerani alifanya kile anachokijua. Kila jioni aliingia chumbani na kijungu, akawasha mshumaa, akadondosha jeraniamu kwenye maji. Akamvua mdogo wake kanga ya mgongoni, akamkanda. Nani aliyejaa kuliko huyu? Kama mafuta haya yaliwafaa wake za watu na wajane wa watu, yashindwe kumfaa mtoto aliyemlea kwa mkono wake? Mgongo ulikuwa mgumu. Aliweka viganja, mgongo ukakaza kama ubao, na akajiambia kwamba ni huzuni hiyo, imejikusanya hapo, lazima itolewe. Akakandamiza. Kesho yake akaongeza matone. Akatia kwenye maji ya kuoga, akatia kwenye foronya. Fundi alipofungua dirisha, yeye alilifunga, harufu isipotee.

Na mgonjwa akazidi kwisha. Mifupa ya mabega ilichomoza. Supu ilipoa pembeni ya kitanda, ikaganda mafuta juu, ikamwagwa. Jioni alikuwa akitapika hata asichokula. Jerani alijikaza kisabuni mbele ya watu, akifika msalani anauma taulo asisikike. Alikuwa akimwona mdogo wake anakufa mbele ya macho yake, kwenye shuka alizofua yeye, na hakuwa na kitu kingine mkononi isipokuwa kile kichupa. Kwa hiyo akakishika kwa nguvu zaidi.

Fundi ndiye aliyejaribu kusema. Alimngoja jikoni, amesimama karibu na jiko la gesi lisilowashwa, anafuta bisibisi ambayo ilikuwa safi.

"Shemeji, nataka nikwambie kitu, lakini usikasirike."

"Ukianza hivyo mimi nishakasirika."

"Mchana anajitahidi. Leo kanywa chai karibu nusu kikombe, na mkate kaumega kidogo. Jioni ndiyo anafunga mdomo. Yaani ukishaingia tu."

"Nani akishaingia?"

Fundi aliangalia bisibisi.

"Mimi?" Sauti ya Jerani ilipanda hadi ikapasuka. "Mimi niliyemtafunia chakula hana meno? Wewe umemjua juzi! Juzi ulikuja hapa kubadilisha balbu ukaondoka na mdogo wangu, leo unanifundisha jinsi ya kumtunza?"

"Sijasema hivyo, shemeji."

"Umesema. Kama huna cha kusema, nenda kafunge nyaya za watu."

Fundi alienda. Alikuwa mtu wa namna hiyo, na mara nyingine upole wa namna hiyo ni hasara, kwa maana laiti angepiga meza siku ile wangeokoa mengi. Jerani alibaki jikoni peke yake. Maneno yale yalimwingia, ila yaliingia kama tusi.

Kazini hakukosa, kwa sababu chakula kisicholiwa nacho kinanunuliwa. Lakini mwili ulikuwa kando ya kitanda cha wateja na roho iko juu ya ngazi. Na siku moja, kabla ya mchana, akafanya kosa ambalo hajawahi kulifanya tangu aingie nyuma ya pazia.

Mteja alikuwa mjane, karani mstaafu wa posta, mama mtaratibu aliyekuja kila mara kwa ajili ya kiuno. Alilala kifudifudi, akaweka uso kwenye tundu. Jerani akachukua chupa iliyokuwa karibu, ambayo ilikuwa lavenda, akachanganya, akaanza. Hakudondosha tone kwenye karatasi. Hakuuliza.

Mgongo wa yule mama ulikaza. Ulikaza wote kwa mara moja, kutoka shingoni hadi kiunoni, ukawa ubao chini ya viganja vyake.

"Mwanangu," ilitoka sauti kwenye tundu la kitanda, "leo hukuniuliza."

"Samahani, mama. Samahani sana. Nina mawazo."

"Si neno. Ila hiyo niondolee, tafadhali. Hiyo ndiyo tuliyokuwa tunamnyunyizia marehemu kwenye mashuka kule hospitali. Ni nzuri, sikatai. Lakini nikiisikia namwona palepale."

Jerani hakuondoa mikono. Ilikuwa imeganda pale juu ya ule mgongo, na mikono hiyo, ambayo ilijua mambo mengi kabla ya kichwa chake, ilikuwa imekwisha kuutambua. Iliujua ubao huu. Iliugusa kila jioni. Haikuwa huzuni iliyojikusanya mahali. Ilikuwa ni mtu anayejikinga.

Na hapo yote yakamrudia kwa pamoja: chumba kilichonukia bustani, viganja vyake mgongoni, kiganja chake kwenye utosi wa mtoto, na pua ya mdogo wake imezama kwenye zile nywele. Kila jioni alikuwa anamrudisha kwenye kile chumba. Alimfungia dirisha, akamwekea harufu ile hadi kwenye mto, asipate pa kugeuzia uso. Akamkandamiza na kumkandamiza, akidhani anapigana na huzuni kumbe anapigana na mtoto wa mama yake.

"Mwanangu, vipi?" mjane aliuliza. "Unalia?"

Hakulia. Alimfunika yule mama taulo, akamwomba radhi, akapita mbele ya Bosi bila kusema kitu, akatoka barabarani na aproni yake.

Alikimbia. Mwanamke wa umri wake, na ndara miguuni, alikimbia mtaa mzima. Alipofika kwenye ngazi akapanda za mwanzo mbilimbili, na mlango wa mzee wa chini ulikuwa umefungwa, na kutoka ndani ya mlango huo uliofungwa sauti ikasema, "Jerani, mbona mapema leo?"

Akasimama. Alivuta pumzi kwa nguvu, akajinusa mikono, mabega, kifua. Hakusikia kitu. Hakusikia hata chembe, na hofu iliyomshika pale ilikuwa mbaya kuliko ya hospitali. Alikuwa amebeba kitu asichokiona wala kukisikia, na hakuweza kwenda hatua moja zaidi nacho.

Mke wa mzee alimfungulia bafu lao. Alijisugua kwa sabuni ya kufulia, kwa limau, kwa majivu, kwa brashi ya sakafu, hadi ngozi ikawaka. Halafu akamtuma yule mama amwite fundi. Fundi alishuka akamkuta amejifunga shuka ya watu, maji yanamchuruzika, macho mekundu.

"Shemeji, ninuse."

"Nikunuse?"

"Ninuse! Leo usiwe na adabu."

Fundi aliangalia dari, akaangalia mke wa mzee, akainama kidogo kama mtu anayekagua waya ulio na moto. "Bado," alisema.

Akarudi bafuni. Akatoka. "Sasa?"

"Bado. Na sasa kuna limau juu yake." Alisita. "Iko zaidi kwenye nywele."

"Una mkasi?"

"Wa kukatia nyaya."

"Lete."

Alizikata mwenyewe, mafungu kwa mafungu, mke wa mzee akimalizia kwa nyuma, anasikitika kwa ulimi. Hapo ndipo Jerani alipomweleza shemeji yake yote, akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nywele zake zimemzunguka sakafuni. Fundi alisikiliza hadi mwisho. Angeweza kusema "nilikwambia." Hakusema. Alikwenda juu akafungua madirisha, akavua foronya, akashusha kijungu, chupa zote na nguo zote za Jerani ndani ya gunia, na Jerani mwenyewe akaliburuta hadi kwenye gari la taka. Akavaa ovaroli kuukuu la fundi, linalonuka vumbi na plastiki iliyoungua. Akampigia Bosi simu kumwambia harudi.

"Hurudi leo, au hurudi kabisa?" sauti nyembamba iliuliza.

"Sirudi, Bosi."

"Kitanda chako nitampa mtu mwingine. Sitakishika."

"Mpe."

Alilala kwa mzee wa chini, kwenye kochi. Mchana alikaa kwenye ngazi ya juu kabisa, nje ya mlango wa kwao, kwa kuwa hakuiamini ngozi yake bado. Kutoka pale alisikia kijiko. Alisikia fundi anasema, "Kidogo tu, mke wangu," na ukimya, halafu kijiko kikigonga bakuli, halafu tena. Mdogo wake alikuwa anakula. Jerani aliweka paji la uso kwenye ukuta. Alifurahi na furaha ile ilimchoma kama pilipili, kwa sababu mtoto aliyemlea alikuwa anakula kwa kuwa yeye hayupo.

Muuguzi alirudi, akampima, akasema wodi isubiri kwanza. Dawa zilianza kushika. Na siku moja fundi alimwinamia Jerani kwenye ngazi bila kuombwa, akanusa, akatikisa kichwa. "Hamna kitu, shemeji. Unanuka kama mimi."

Akaingia. Mdogo wake alikuwa ameelekea ukutani. Jerani alikaa kwenye ukingo wa kitanda, hakumgusa.

"Nani?" mgonjwa aliuliza.

"Mimi."

Yule mtu wa ukutani akageuka, polepole, godoro likalalamika. Akatazama ovaroli. Akatazama kichwa.

"Dada. Nani kakunyoa hivyo?"

"Mimi mwenyewe. Kwa mkasi wa nyaya wa mumeo."

"Umejiharibu."

Ilikuwa kidogo, lakini ilikuwa maneno, na baada ya hapo maneno yaliendelea kuja, machache machache. Alikula na Jerani akiwepo. Alikaa kitako. Lakini macho yalibaki makavu, na kuna kitu alichokuwa akikitafuta pale chumbani. Alishika foronya mpya akaigeuza. Alifungua kabati, akafunga. Jerani alimwangalia, asijue anatafuta nini.

"Dada," alisema mchana mmoja. "Ile harufu iko wapi?"

"Imeisha. Haitakusumbua tena. Nilitupa kila kitu."

"Chupa zote?"

"Zote. Na mto, na nguo. Gari la taka limebeba."

Mdogo wake alimtazama kwa uso ambao Jerani hakuwahi kuuona, hata hospitalini. "Hakuna picha ya mtoto," alisema. "Hata kitambaa walimzika nacho. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu. Siku nyingine siwezi kukistahimili, nakwambia kweli, naona nakufa. Lakini kilikuwa chake. Ungeniuliza."

Jerani alisimama kama mtu aliyepigwa. Mara ya pili. Alimpaka bila kumuuliza, akampokonya bila kumuuliza, na mara zote mbili kwa mapenzi. Alitamani apasuke.

Hakukumbuka alivyofika saluni. Nyuma ya pazia palikuwa na msichana mgeni anakunja taulo. Bosi alimtazama kichwani, akamtazama ovaroli, akavuta pumzi ya kumtukana, akaiachia. Jerani alimweleza kwa maneno machache. Bosi alinyoosha mkono kwenye rafu, akapita chupa mpya zilizofungwa, akachukua ya nyuma, iliyobaki kidogo chini.

"Hii ndiyo ya mzigo ule ule uliokuwa ukitumia wakati ule. Mpya zina harufu tofauti kidogo." Akampa na kipande cha karatasi. "Sheria unaijua."

"Naijua."

"Uliijua."

Alilipokea neno hilo pamoja na chupa, kwa sababu alilistahili.

Alipanda ngazi na chupa ikiwa imefungwa, imezungushiwa mfuko mara kadhaa. Alikaa mbali, kwenye kiti cha karibu na mlango, dirisha likiwa wazi. Akamwonyesha mdogo wake chupa.

"Nifungue?"

Mdomo wa mdogo wake ulisema, "Fungua." Jerani hakuutazama mdomo. Alitazama paji la uso, na paji lilikunjana, akangoja. Likakunjuka. Tundu za pua zilitetemeka lakini hazikujibana. Ndipo akafungua, akadondosha tone moja kwenye karatasi, akainuka kumpelekea.

Hakufika. Katikati ya chumba harufu ilimpata yeye. Pua yake ilikuwa imekaa mbali na mafuta kwa muda mrefu, imepumzika, imeamka, na kwa mara ya kwanza tangu ujana wake aliisikia jeraniamu kama watu wengine wanavyoisikia, waridi na ubichi wake na ule ukali. Na haikuwa bustani wala saluni wala mgongo wa mtu yeyote. Ilikuwa utosi mdogo wenye nywele nyingi, bado wa moto, chini ya kiganja chake. Alikaa sakafuni pale pale, karatasi mkononi, na sauti iliyomtoka hakuijua kuwa ni yake.

Mdogo wake aliteremka kitandani. Alikuja kwa kushika ukuta, miguu imekonda, akakaa sakafuni kando yake, akamshika kile kichwa kilichokatwa vibaya. Akaichukua karatasi, akaisogeza usoni, akafumba macho, na machozi ambayo nyumba nzima iliyangoja yakaanza kumwagika.

"Alinukia hivi," alisema.

"Hivi hivi," Jerani alijibu.

Fundi aliwasikia kutoka jikoni, akaja mbio, akasimama mlangoni. Hakuingia hadi mkewe alipomnyooshea naye ile karatasi.